Tortila za Jana

Kwa miaka mitatu, kuanzia mwanzo wa 2016, asubuhi nilioka hostia na mchana nilikula mahindi. Nyumba yetu ya kitawa ilikuwa Puebla, Meksiko, mji ambao siku isiyo na mawingu unaiona volkano ya Popocatépetl ikifuka moshi kama jiko la mtu aliyechelewa kupika. Ndani ya kuta zile Mwafrika nilikuwa peke yangu. Nimezaliwa Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako ngano tuliijua kwa sura mbili tu: andazi la siku ya gulio na hostia ya Jumapili. Vingine vyote vilivyostahili kuitwa chakula vilitoka kwenye gunzi. Kwa hiyo ilinichekesha, baadaye ikaniudhi kidogo, kwamba nimevuka bahari hadi nchi iliyoyazaa mahindi, na huko nikapewa kazi ya ngano.

Hostia haina siri. Ni unga wa ngano na maji. Chumvi hakuna, sukari hakuna, hamira hakuna. Uji wake ni mwepesi kuliko wa chapati za maji. Unamimina upawa mmoja katikati ya vyuma viwili vya moto vyenye nakshi ya msalaba, unabana, mvuke unafoka pembeni kwa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, na baada ya muda mfupi unatoa karatasi nyeupe, ngumu, nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukiikata pale pale inapasuka vipande vipande. Inabidi ilazwe kwanza kwenye unyevunyevu mpaka ilegee, ndipo upitishe kikatio na kutoa miduara. Yale mabaki yenye matundu hufungwa kwenye mifuko ya plastiki na kuuzwa mlangoni. Wanayaita recortes, na watoto wa Puebla huyatafuna kama watoto wetu wanavyotafuna bisi.

Kuuza kulifanyika kwenye torno, kabati la mbao la mviringo linalozunguka ndani ya ukuta, ili mnunuzi na mtawa wasikilizane bila kuonana. Siku moja ya Februari 2018 torno ilizunguka, na badala ya noti ya mfuko wa recortes ikaniletea kilo moja ya unga wa mahindi.

“Madrecita,” ilisema sauti ya mama kijana upande wa pili, “naomba uniokee hostia za unga huu.”

Binti yake alikuwa na miaka tisa na Komunyo yake ya kwanza ilikuwa Mei. Alikuwa na ugonjwa wa siliaki: gluteni, ule mnato wa ngano, inamjeruhi utumbo hata ikiwa chembe. Nilimjibu nilivyofundishwa. Nilimwambia Kanisa linataka ngano na si nafaka nyingine. Nikamwambia zipo hostia zenye gluteni kidogo mno, kama wanazotengeneza watawa Wabenedikto wa Clyde, Missouri, kwa wanga wa ngano, nazo ni halali. Na kama hizo hazifai, mtoto anaweza kupokea divai peke yake, kwa kuwa Kristo yumo mzima katika kila umbo. Mama alikwisha kuyasikia yote. Daktari wake hakutaka kubahatisha hata kwa hizo za Clyde. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bila hasira yoyote:

“Kwani Mungu hayajui mahindi?”

Sikumjibu. Nilizungusha torno, unga wake ukamrudia.

Nililipeleka swali lile jikoni, maana huko ndiko yalikokwenda maswali yaliyoshindikana kwingine. Sista wa jikoni alikuwa mzaliwa wa Cuetzalan, kwenye milima ya kaskazini mwa jimbo la Puebla. Kihispania alikijulia shuleni; lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kinahuatl. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema: “Nishushie kile kikapu. Leo Alhamisi.”

Kikapu kilikuwa cha tortila zilizobaki. Kila mchana zililetwa zimefungwa kitambaani, za moto, na kila mchana zilibaki kadhaa. Tortila ya mahindi iliyolala haiwi tena chakula cha kukunjia. Inakauka, inakunjamana ukingoni, inavunjika ukiigusa. Lakini kuitupa ni jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanyika katika nyumba ile, hata kwa kipande. Kikapu kikijaa tulijua: kesho yake au siku hiyo hiyo kutakuwa na pastel azteca.

Kwa wasomaji ambao hawajakiona chakula hiki, ni matabaka ya tortila, mchuzi, nyama na jibini yaliyookwa kwenye sinia la kina. Sista alipendelea mchuzi wa kijani. Alichemsha tomatillo, yale matunda ya kijani machachu yanayovikwa ganda kama la karatasi, pamoja na pilipili, kitunguu na vitunguu saumu, akayasaga na majani ya giligilani, halafu mchuzi akaukaanga kwenye kijiko cha mafuta mpaka rangi ikazima. Pilipili kubwa za poblano alizibabua kwenye moto wa wazi, akazifunika zitoke jasho, akazimenya, akazichana vipande virefu. Kuku alikwisha kuchemshwa na kuchambuliwa nyuzi nyuzi. Kisha zikaja tortila, nazo hazikuingia sinia zilivyo. Kila moja ilipitishwa kwenye mafuta ya moto, ukihesabu moja, mbili, tatu, ukaigeuza, moja, mbili, tatu, ukaitoa. Hiyo huifungia, isinywe mchuzi wote ikasambaratika. Ndipo mchuzi, tortila, kuku, pilipili, krimu, jibini la Oaxaca lililochanwa, na tena, na mara ya tatu. Nusu saa hivi kwenye tanuri, hadi pembeni kuchemke na juu kupate madoa ya hudhurungi. Ukitoa, subiri dakika kumi, la sivyo kila kipande kitabomoka kama ukuta wa udongo baada ya masika.

Najua umuhimu wa ile hesabu ya moja, mbili, tatu kwa sababu mara ya kwanza nilipoachiwa jiko niliiruka. Ilikuwa sikukuu ya mwanzilishi wetu. Niliona mafuta ni anasa, tena nilizichukua tortila za siku ile ile, laini na nzuri, nikidhani nawafanyia wenzangu hisani. Saa moja baadaye nilitoa tanurini sinia la uji wa mahindi wenye kuku ndani. Masista ishirini na wawili waliula kwa vijiko, kimya, kwa adabu ya kutisha. Sista wa jikoni peke yake ndiye aliyesema neno. “Ni chakula,” alisema. “Tumshukuru Mungu.”

Jina la chakula chenyewe ni la ajabu ukilichunguza. Waazteki, au Wamexica kama wao walivyojiita, hawakuwa na kuku. Hawakuwa na ng’ombe, kwa hiyo krimu na jibini hawakuvijua, wala giligilani, wala kitunguu hiki kikubwa. Hata tanuri la kuokea la namna hii lilikuja na Wahispania. Tena tanuri lenyewe, katika nyumba nyingi za Meksiko, ni kabati la masufuria. Ukitaka kuoka, kwanza unahamisha vyombo. Cha Wamexica katika sinia lile ni tortila, pilipili na tomatillo. Wengine hukiita budín azteca, wengine pastel Moctezuma, wakimwongezea mfalme yule wa Wamexica jibini ambalo hakuwahi kulionja. Lakini nani wa kuwacheka? Sisi tunakula mahindi, na jina hilo linamsingizia Mhindi kitu kilichotoka Meksiko. Punje zilivuka bahari na meli za Wareno, tukazipa asili ya watu wa ng’ambo tuliokuwa tunawafahamu.

Na ndani ya jina hilo moja la pastel azteca kuna ruhusa ya kubadilisha karibu kila kitu. Mchuzi unaweza kuwa mwekundu, wa nyanya na pilipili kavu za guajillo, au ukawa mole iliyobaki kwenye arusi. Ijumaa za Kwaresima kuku hutoka, unaingia uyoga, au mahindi mabichi na pilipili zilizochanwa na krimu, au maua ya maboga, ambayo mtu wa Ruvuma hahitaji kufundishwa kuyapika. Majira ya mvua huingia huitlacoche, ule ukungu mweusi unaovimbisha punje za mahindi. Kwetu bwana shamba angekuambia ni fugwe, ung’oe bua ulichome moto. Puebla unauzwa kwa bei kubwa kuliko mahindi yenyewe, na ladha yake ni ya udongo uliopata mvua. Baada ya Krismasi huingia bata mzinga. Wapo wanaoweka tabaka la maharage yaliyopondwa, na mimi ni mmoja wao, kwa sababu maharage hushikilia kipande kisibomoke. Campeche wana ndugu yake, pan de cazón, tortila kwa papa mdogo na maharage meusi, ingawa huyo haingii tanurini. Huko Texas kuna mwingine anayeitwa King Ranch, kwa jina la shamba kubwa la ng’ombe: ndani ni kuku, supu nzito ya uyoga ya kopo, na nyanya za kopo zenye pilipili. Shamba la ng’ombe, chakula cha kuku. Majina ya vyakula yana uhuru wake.

Jioni ya siku ile ya torno, saa ya maburudisho, nililitupa swali mezani kwa mlango wa nyuma. Niliuliza: ni kipi ambacho ukikibadilisha, pastel azteca si pastel azteca tena? Wakagawanyika papo hapo. Mmoja alisema jibini. Mwingine alisema tanuri. Sista aliyetoka Sonora, kaskazini, ambako tortila za ngano ndizo za kila siku, alisema kwao hutumia hizo na hakuna aliyewahi kulalamika. Sista wa jikoni hakuinua macho kwenye kushona kwake. “Hiyo ni lasanya iliyopotea njia,” alisema. Tulicheka hadi kengele ikagonga. Nililala nikijua kwamba tulikuwa tumelijadili swali la yule mama na kwamba mimi na sista wa jikoni peke yetu ndio tuliolijua hilo.

Katika elimu yetu ya imani, kitu kina kiini na kina sura. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki 1274, alilichukua hilo kwa Aristotle akalitumia kuielezea Ekaristi: rangi, ladha, uzito na harufu ya mkate hubaki, kiini kinageuka. Nimeoka hostia maelfu kwa maelfu na ninaliamini hilo. Kuna mzaha wa kale wa watawa kwamba si kazi kuamini hostia ni Mwili wa Kristo, kazi ni kuamini kwamba kabla ya hapo ilikuwa mkate. Mzaha una ncha. Kama sura ni kitu kinachoweza kusogea hivyo, hata karatasi ile nyeupe ikaitwa mkate, kwa nini mahindi yasiweze?

Thoma alijiuliza hilo hilo na akajibu. Alisema ngano ndiyo watu wanayoitumia zaidi kwa mkate, na mikate mingine huja pale ngano inapokosekana. Kwa wasemao ngano haioti kila nchi, alijibu kwamba kiasi cha kutosha sakramenti kinaweza kusafirishwa popote. Kwa heshima zote kwa mwalimu huyu, nilitamani kumuuliza: watu gani? Alikuwa mtu wa Italia aliyefundisha Paris. Katika bonde la Tehuacán, jimbo hilo hilo la Puebla, mapangoni yamefukuliwa magunzi yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, madogo kama kidole. Maandishi ya Kinahuatl ya karne ya 16 huyaita mahindi tonacayotl, neno lililofumwa na mwili wetu, nyama yetu sisi wanadamu. Sista wa jikoni alilijua neno hilo bila kusoma maandishi yoyote. Jean-Marc Ela, padre wa Kamerun aliyeishi na wakulima wa kaskazini mwa nchi yake, aliuliza kwa ukali zaidi yangu kwa nini watu wa uwele wasubiri ngano na zabibu za ugenini ili waweze kuadhimisha meza ya Bwana.

Kinachonifurahisha, kwa namna ya uchungu, ni kwamba anayejulikana kudai kuwa wa kwanza kupanda ngano Meksiko alikuwa Mwafrika. Aliitwa Juan Garrido. Alizaliwa Afrika, akawa Mkristo Lisbon, akavuka bahari na Wahispania na kuwa katika kundi la Cortés, aliyeiteka Meksiko. Mwaka 1538 alimwandikia mfalme akiomba atambuliwe, na miongoni mwa huduma alizozitaja ni hiyo: kwamba alipanda na kuvuna ngano pale, akiwa wa kwanza. Baadaye Atlixco, jirani na mji wetu, ikawa ghala la ngano la koloni lote. Kila nilipoubana mvuke wa vyuma vile nilimwambia moyoni: umeanza, kaka, na mimi huyu namalizia.

Mapadre wa mwanzo walikuwa na sababu yao ya kuziogopa nafaka za pale, nami sitaki kuwaonea. Walikuta Wamexica wakifinyanga sanamu ya mungu wao Huitzilopochtli kwa donge la mbegu za mchicha, wakaivunja na kugawana na kuila. Walihisi wanadhihakiwa. Leo mbegu hizo hizo zinauzwa mitaani Puebla, zimeshikanishwa kwa asali, zinaitwa alegría, na mtawa anaweza kuzila bila kuungama.

Niseme wazi ninaposimama. Sheria ya Kanoni, kanuni ya 924, inasema mkate uwe wa ngano tupu, na barua ya Roma ya Juni 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai. Ninaitii, na si kwa kinyongo. Hostia kwangu ni ushahidi wa usiku mmoja na meza moja, na shahidi habadilishi maneno ili yamfae anayesikiliza. Lakini zile sababu ambazo makatekista huwapa watoto, kwamba ngano ni safi kuliko nafaka nyingine, kwamba ni nafaka bora, hizo nazikataa mchana kweupe. Mikate mitano ya yule kijana, Yohane anasema, ilikuwa ya shayiri, mkate wa maskini. Na bibi yangu wa Mbinga, ambaye mkate aliuona mara chache mwakani, kila jioni aliomba mkate katika Baba Yetu, na alijua vizuri kwamba anaomba ugali. Hakuna padre aliyewahi kumwambia kwamba sala yake haikuwa halali.

Tena mahindi yana elimu yake. Mmeksiko huyachemsha na chokaa, huyalaza usiku kucha, huyaosha, ndipo ayasage. Neno lao nixtamal lina majivu ndani yake, nextli. Bila hatua hiyo donge halishikani kuwa tortila. Na zaidi ya hapo, chokaa huifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Wazungu walibeba punje wakaacha majivu, na maskini wa Italia, Hispania na kusini mwa Marekani waliolishwa mahindi matupu wakababuka ngozi kwa pelagra na kurukwa na akili. Sisi nasi tulipokea punje bila mapishi yake. Tumesalimika kwa maharage, karanga na mboga za majani. Mwaka 1990, jirani zetu wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra kwa maelfu, karanga zilipotoweka kwenye mgawo wao wa mahindi. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la kiini si mchezo wa wasomi. Kuna kitu unaweza kukiondoa bila mtu kukiona kinavyoondoka, na ukajua kilikuwa kiini pale watu wanapoanza kuugua. Na kwa binti wa torno ni kinyume chake: kile ambacho barua ya Roma inataka kibaki walau kidogo, ili ngano iwe ngano, ndicho kinachomjeruhi.

Turudi kwenye sinia. Mchana wa tarehe 19 Septemba 2017 tetemeko la kipimo cha 7.1 lilitutoa nje tukiwa na aproni. Makanisa mengi ya Cholula na Atlixco yalipasuka. Gesi ilifungwa kwa hofu ya mabomba, na siku zilizofuata tulipikia uani kwa kuni, watu wa mtaa wakala nasi. Misaada iliyofika ilikuwa samaki wa kopo, soseji, na jibini la vipande vya plastiki. Lakini tortila zilikuwepo, na zilibaki. Sista akapanga matabaka katika chungu kikubwa: tortila, mchuzi wa nyanya za kopo, samaki wa kopo, lile jibini la aibu, akafunika, akapalia makaa juu kama sisi tunavyopalia wali. Hakuna kilichokuwa mahali pake, tanuri, kuku, krimu wala tomatillo. Mzee mmoja alipokea sahani, akatazama, akasema kwa furaha, “Ah, pastel azteca!” Wala hakukosea.

Na miezi kadhaa baadaye mfadhili wetu mmoja alituletea sinia kutoka kwa mpishi wa kulipwa. Kila kitu kilikuwa sahihi kuliko chetu, jibini la gharama, matabaka yaliyonyooka kama kwa rula. Sista wa jikoni alikula, akasifu, akauliza kwa upole kinaitwaje. Wakamwambia. “Ahaa,” alisema. Tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo aliponinong’oneza: “Zile tortila zimezaliwa leo.”

Nilishika sahani yenye povu nikasahau kuiosha. Altareni kila kinachoonekana kinabaki na kiini kinageuka. Jikoni kwake kila kilichoonekana kilikuwa kinageuka wiki baada ya wiki, na kiini kilikaa mle kikapuni, kimekauka na kukunjamana. Aristotle angeliita hilo sababu ya mwisho, kile ambacho kitu kipo kwa ajili yake. Chakula kile kipo ili tortila ya jana isitupwe. Mpe mpishi tortila laini za leo, anapata ladha tu, au, kama nilivyopata mimi, uji. Injili ya shayiri nayo, nikikumbuka vizuri, haimaliziki watu waliposhiba. Inamalizika kwa amri ya kukusanya vilivyobaki, na vikapu kumi na viwili.

Sisemi kwamba hilo lilimjibu mama wa torno. Halikumjibu. Ukiniuliza leo Mungu anayajua mahindi, nitakuambia anayajua tangu Tehuacán; ukiniuliza basi kwa nini si altareni, nitakupa jibu langu la shahidi, na nitakubali kwamba mtoto wa miaka tisa ana haki ya kutoridhika nalo.

Mwishoni mwa Aprili sista wa jikoni aliniomba nimtafute yule mama, naye alipopatikana akamwagiza alete tena unga wake kwenye torno. Jumamosi jioni, kesho yake ikiwa Komunyo, alikanda na kubonyeza tortila hamsini, akazichoma, akaziacha wazi mezani usiku kucha zikauke. Masinia aliyasugua mara mbili. Mchuzi haukutiwa unga hata punje. Mbao na mikono yangu, vitu vya hostia, alivifukuza jikoni mwake.

Jumapili, katika kikanisa chetu, padre aliandaa kalisi ndogo ya pembeni, kwa kuwa ile kubwa hudondoshewa chembe ya hostia kabla ya komunyo na isingemfaa. Binti alikunywa, akakunja uso kwa ukali wa divai. Baadaye, uani, niliuona kwa mara ya kwanza uso wa mama yake, wenye makunyanzi ya kicheko pembeni mwa macho. Mtoto alikula vipande viwili vya pastel. Cha tatu mama yake alimkatalia, kwa sababu ya gauni.